Ndege Zinazochota Maji ya Ziwa Okanagan Kupambana na Moto wa Msituni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila kiangazi, moshi unapoonekana kwenye milima ya Bonde la Okanagan, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, watu hutoka majumbani na kusogea ufukweni. Ndege za manjano hushuka hadi usawa wa maji, huligusa ziwa kwa sekunde chache, huinuka na kuelekea kwenye moto, kisha hurudi tena na tena mpaka giza linapoingia. Mimi ni mmoja wa watu hao wa ufukweni. Ninaishi upande wa magharibi wa ziwa, na kila moto unapozuka hupokea maswali yale yale kutoka kwa majirani, kwa familia za Waswahili na Wakongomani waliohamia huku, na kwa ndugu walioko nyumbani ambao wameona video kwenye simu zao. Nimeyaandika majibu hapa kwa utaratibu. Asiye na muda wa kuyasoma yote namwomba ashike hili moja: ndege hizi zikiwa kazini, ziwa ndiyo njia yao ya kutua na kuruka, na mwenye mashua anapaswa kuliacha wazi.

Ndege ninazoziona ni za aina gani?

Juu ya Okanagan mara nyingi utaona Fire Boss, yaani ndege ya Air Tractor AT-802 iliyofungwa maboya mawili marefu chini ya tumbo. Asili yake ni ndege ya kunyunyizia mashamba dawa, inayotengenezwa katika mji wa Olney, Texas. Ina injini moja, rubani mmoja, na tangi linalobeba lita 3,000 hivi. Huku kwetu huja nne nne zikifuatana, na ndiyo maana mtu aliyezizoea akiona moja hugeuza shingo kutafuta tatu nyingine. Ndani ya maboya hayo mna magurudumu, hivyo ndege hulala kwenye kiwanja cha kawaida na asubuhi huja kufanya kazi ziwani.

Siku nyingine hupita ndege kubwa zaidi, yenye injini mbili juu ya mabawa na tumbo lililochongwa kama mashua. Hiyo ni CL-415, ambayo watu wengi wa Ulaya huiita Canadair kwa jina la kampuni iliyoibuni. Mtangulizi wake, CL-215, aliruka kwa mara ya kwanza tarehe 23 Oktoba 1967, na CL-415 yenyewe iliruka mwaka 1993. Upana wake, kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine, ni mita 28.6, na tangi lake huchukua lita 6,137. Ni ndege iliyobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya kazi hii. British Columbia hutegemea zaidi Fire Boss, lakini Québec, Ontario na Manitoba wana CL-415 zao, kama walivyo nazo Ufaransa, Italia, Ugiriki, Uhispania, Kroatia na Moroko.

Inachotaje maji bila kusimama? Pampu iko wapi?

Pampu haipo. Aliyewahi kutumbukiza ndoo kando ya ngalawa inayokwenda kwa tanga lililojaa upepo anaijua nguvu ninayotaka kuieleza, maana maji huivuta ndoo hiyo kiasi cha kutaka kuung'oa mkono. Sasa ifikirie ndoo hiyo ikipita majini kwa mwendo wa kilomita 130 kwa saa. Kwa mwendo huo, maji yanayoingia kwenye bomba lililoelekezwa mbele yana msukumo wa kuyapandisha zaidi ya mita 60, ilhali tangi la ndege liko juu kwa mita mbili tatu tu. Rubani hushusha vichoteo viwili vidogo, kwenye maboya ikiwa ni Fire Boss, au chini ya tumbo ikiwa ni CL-415, na ziwa lenyewe hufanya kazi iliyobaki. CL-415 hujaza tangi lake kwa sekunde 12 hivi, na Fire Boss kwa takriban sekunde 15.

Wengi hudhani kwamba ndege hutua, ikajaza maji, kisha ikaondoka. Kwa kweli haipunguzi mwendo hata kidogo kwa hiari yake. Maji ndiyo yanayojaribu kuisimamisha, na rubani hulazimika kuongeza nguvu za injini muda wote wa kuchota ili isizidiwe. Kila sekunde CL-415 huongezewa nusu tani ya uzito. Hakuna lori linalopakiwa hivyo likiwa mwendoni.

Jioni moja ya Agosti nilikuwa nimeketi kwenye gati la mbao karibu na kwetu, moto ukiwa mlimani upande wa pili wa ziwa, na ndege zote nne zikawa zinachota mbele yangu. Maboya yalipogusa maji sikusikia kishindo chochote; nilichoona ni mistari miwili myeupe ikichorwa juu ya ziwa, kisha michirizi ya maji ikaruka nyuma ya ndege kama mkia wa jogoo. Sauti ilifika baadaye kidogo. Mngurumo wa injini ulizidi kuwa mzito, kama wa gari linalopanda mlima na mzigo, maboya yakazama zaidi, na kwa muda nikaamini kwamba ndege ile haitainuka. Ikainuka. Matone yalikuwa bado yanadondoka kutoka kwenye maboya ilipopita juu ya misonobari ya ng'ambo.

Kwa nini mkupuo wa kwanza huonekana mdogo kuliko inayofuata?

Kwa sababu ya mafuta. Ndege inapotoka kiwanjani huwa imejaza mafuta ya kutosha saa kadhaa, na uzito huo hupunguza kiasi cha maji inachoweza kubeba kwa usalama. Kadiri mafuta yanavyotumika ndivyo mzigo wa maji unavyoongezeka.

Ile ndege ya juu inayozunguka bila kumwaga maji inafanya nini?

Hiyo ndiyo inayoongoza kazi yote. Ndani yake mna rubani na afisa anayesimamia mapambano ya angani, na huyo afisa ndiye anayeamua maji yaangushwe wapi, ndege zipite kwa njia gani, na helikopta zikae upande upi. Huwasiliana na wazimamoto walio ardhini, huhakikisha kwamba hakuna mtu chini ya mahali patakapomwagwa, na mara nyingi hupita kwanza yenyewe kuionyesha njia ndege inayofuata. Ukisikia king'ora kikilia angani, usidhani umekosea. Ndege hiyo hubeba king'ora cha kuwatahadharisha walio chini kwamba mzigo unakuja.

Tahadhari hiyo si ya bure. Tani tatu au sita za maji zinazoanguka kutoka mita 30 au 40 juu ya vilele vya miti haziwi mvua zinapofika chini. Huvunja matawi, huporomosha mawe, na humwangusha mtu mzima. Mwezi Agosti 2018, huko California, mzimamoto mmoja aliuawa na mti ulioangushwa na mzigo wa dawa ya kuzuia moto uliomwagwa na ndege kubwa.

Je, ndege hizi huzima moto?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake huwashangaza watu: kwa kawaida hapana. Ndege hupoza moto, huupunguza kasi, na kuwapa watu wa ardhini nafasi ya kuusogelea. Moto wa msituni huzimwa na watu wenye majembe, misumeno ya mashine na mipira ya maji, wanaochimba mkanda wa udongo mtupu kuuzunguka na kuufuata mpaka kwenye mizizi. Maji yaliyomwagwa juu ya msonobari mkavu wakati wa hari hukauka upesi, na kama hakuna aliyefika pale kwa miguu, moto hujikusanya na kuanza upya.

Thamani ya ndege ya kuchota iko katika kurudi haraka. Chukulia kwamba moto uko kilomita chache kutoka ufukweni na kila ndege inakamilisha mzunguko wake kwa dakika tano. Ndege nne zenye lita 3,000 kila moja zitakuwa zimeangusha takriban lita 144,000 kwa saa moja, na zinaweza kuendelea hivyo mpaka mafuta yaishe. Ndege ya nchi kavu hubeba mzigo mkubwa zaidi, lakini ikishaumwaga lazima irudi kiwanjani, ipakiwe, na iruke upya. Ndiyo maana moto mchanga ulio karibu na maji ndio unaoziogopa ndege hizi. Ukiufikia ukiwa bado mdogo kama kiwanja cha mpira, ndege nne na kikosi cha watu wachache wanaweza kuushika siku hiyo hiyo. Ukishakuwa mkubwa na kupata upepo, hesabu hubadilika kabisa.

Mbona basi hazikuuzuia moto wa Agosti 2023 kuvuka ziwa?

Wengi wetu tuliokuwa hapa tunaliuliza swali hili kwa uchungu, na ninalijibu kwa heshima kwa wale waliopoteza nyumba zao. Moto wa McDougall Creek uligunduliwa tarehe 15 Agosti 2023 kwenye milima iliyo nyuma ya mji wa West Kelowna. Tarehe 17 upepo mkali ulioletwa na wimbi la hewa baridi ulifika, moto ukateremka kuelekea makazi ya watu, na usiku huo makaa yaliyobebwa na upepo yakavuka ziwa na kuwasha mioto mipya ng'ambo ya pili, upande wa miji ya Kelowna na Lake Country. Kesho yake jimbo zima lilitangaza hali ya dharura, na anga ya juu ya Kelowna ikafungwa kwa ndege za abiria ili kuziachia nafasi ndege za zimamoto. Takriban majengo 190 yaliharibiwa au kuteketea. Hakuna aliyepoteza maisha kwa moto huo, na hilo ni kwa sababu watu waliamriwa kuhama, wakahama.

Sasa tazama hali ilivyokuwa kwa rubani. Upepo ule uliinua mawimbi ziwani, na ndege inayotelezesha maboya yake kwa kilomita 130 kwa saa haiwezi kugonga mawimbi makubwa bila kuvunjika. Moshi ulifunika milima, na rubani asiyeuona mlima hawezi kupita karibu nao. Kisha usiku ukaingia. Zaidi ya hayo, wazimamoto wa British Columbia huupima moto kwa ngazi kuanzia 1, unaofuka tu, hadi 6, unaoruka juu ya vilele vya miti na kuumba hali yake ya hewa. Kwenye ngazi ya 5 na ya 6, maji kutoka angani hugeuka mvuke kabla ya kufika penye kuni, na upepo wa moto wenyewe huyatawanya. Watu walioziokoa nyumba usiku ule walikuwa ardhini, mtaa kwa mtaa, wakiwa na mipira mikononi.

Wazee wa hapa walikuwa wameyaona hayo miaka 20 kabla. Agosti 2003 radi iliwasha moto katika hifadhi ya Okanagan Mountain, kusini mwa Kelowna. Ukateketeza zaidi ya hekta 25,000 na nyumba zaidi ya 230, na watu zaidi ya 27,000 wakahamishwa. Moto ule nao ulianza ukingoni kabisa mwa ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 200. Maji kuwa karibu hayatoshi iwapo upepo umekataa.

Niko ziwani na mashua, na ndege zimeanza kuchota. Nifanye nini?

Nenda ufukweni sasa hivi, kwa njia fupi iliyo salama, na ukae huko. Usisubiri kuambiwa, usijaribu kukatiza mbele ya ndege, na usitie nanga katikati ya ziwa ukidhani kwamba mashua iliyosimama haimsumbui mtu. Rubani anahitaji njia iliyonyooka. Kwa CL-415, kutoka inapokuwa mita 15 juu ya maji, ichote, mpaka irudi mita 15 juu, ni zaidi ya kilomita moja na robo. Mashua moja ndani ya njia hiyo, au hata pembeni yake, humlazimisha kuacha mkupuo ule na kuzunguka upya, na nyuma yake kuna wenzake watatu wanaolazimika kufanya vivyo hivyo.

Mawimbi ya mashua ni tatizo la pili ambalo watu hawalifikirii. Unaweza kuwa umeondoka kabisa, lakini mkondo uliouacha nyuma bado unasafiri ziwani kwa dakika nyingi, na boya la ndege likiugonga kwa mwendo ule hurushwa juu. Kwa hiyo ondoka polepole kadiri hali inavyoruhusu, na ufuate ukingo wa ziwa.

Haya yanawahusu pia wenye mitumbwi, wenye mbao za kusimama na kupiga kasia, waogeleaji, na watoto wenye maboya ya kupulizwa. Kichwa cha mwogeleaji hakionekani kutoka kwenye chumba cha rubani wakati jua linammulika usoni. Vitu vinavyoelea ovyo, kama vile godoro la plastiki, jaketi la kuokolea lililosahauliwa au gogo, vinaweza kutoboa boya. Ukiona ndege ikipita chini bila kuchota, mara nyingi rubani anakagua maji, akitafuta hasa vitu hivyo. Sheria ya British Columbia ya moto wa msituni inakataza kuwaingilia wanaopambana na moto, na polisi hulitekeleza katazo hilo majini pia.

Nimewahi kuona mashua ya starehe ikielea katikati ya njia huku abiria wake wakiwa wameinua simu kupiga picha. Ndege ya kwanza ilinyanyua pua na kupita juu bila kuchota, ya pili ikafanya hivyo hivyo, na mzunguko mzima ukapotea. Mlimani kulikuwa na kikosi kilichokuwa kinayasubiri maji yale. Sidhani watu wale walikuwa wabaya. Naamini hawakujua kwamba picha yao iligharimu lita 12,000 kwa watu waliokuwa na moto mbele yao.

Je, ninaweza kurusha droni ili nipate picha nzuri?

Hapana. Nchini Kanada ni marufuku kurusha droni ndani ya maili 5 za baharini, yaani kilomita 9.3, kutoka kwenye moto wa msituni. Droni ikionekana, ndege zote huondolewa mpaka anga iwe salama. Sababu ilidhihirika tarehe 9 Januari 2025 mjini Los Angeles, wakati CL-415 ya Québec, iliyokuwa imekodishwa kupambana na moto wa Palisades, ilipogongana na droni ndogo ya mtu binafsi. Ndege ilirudi salama, lakini ikiwa na tundu kwenye bawa la kushoto, na ikakaa chini kwa siku kadhaa wakati nyumba zikiendelea kuungua.

Nitazame kutoka wapi basi?

Kutoka nchi kavu, mahali ambapo hutazuia barabara. Ufukwe wowote wa umma unafaa, na kilima cha Knox mjini Kelowna hukuonyesha ziwa refu pande zote mbili, alimradi eneo hilo lenyewe halimo katika amri ya kuhama. Usisimamishe gari kando ya Barabara Kuu namba 97, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya magari ya zimamoto na ya wanaohama. Chukua darubini. Kama moshi umeshuka bondeni, wenye pumu, wajawazito na watoto wadogo wabaki ndani. Tamasha hili halilingani na thamani ya mapafu yao.

Kwa nini nyingine humwaga kitu chekundu badala ya maji?

Hizo ni ndege za nchi kavu, na kimiminika chekundu ni dawa ya kuzuia moto, iliyotengenezwa kwa chumvi za aina ya mbolea na kutiwa rangi ili rubani aone alikomwaga. Humwagwa mbele ya moto, si juu yake, na huendelea kuzuia hata ikishakauka. Marubani hujitahidi kutoimwaga karibu na mito na maziwa kwa sababu hudhuru samaki. Ndege za kuchota nazo huweza kuchanganya povu kidogo ndani ya tangi, ili maji yashikamane na majani na yasikauke upesi.

Je, ziwa haliwezi kupungua? Na samaki, au mtu anayepiga mbizi, hawezi kuchotwa?

Ziwa Okanagan lina urefu wa kilomita 135 na eneo la takriban kilomita za mraba 350. Ili kulipunguza kwa milimita moja tu ungehitaji mikupuo zaidi ya 116,000 ya Fire Boss. Jua la siku moja ya kiangazi hulipunguza ziwa kuliko ndege zote zilizowahi kufanya kazi hapa.

Kuhusu mpiga mbizi aliyekutwa juu ya mti baada ya moto, hicho ni kisa kinachosimuliwa nchi nyingi, na hakiwezekani. Tundu la kichoteo ni dogo mno kupitisha mtu. Mwogeleaji hana hofu ya kuchotwa. Hofu yake iwe ni kugongwa.

Ile ndege kubwa mno nyekundu na nyeupe iliyosifiwa zamani iko wapi?

Unazungumzia Martin Mars. Hizi zilijengwa Marekani katika miaka ya 1940 ili kubeba mizigo ya jeshi la wanamaji katika Bahari ya Pasifiki, na mabawa yake yalikuwa na upana wa mita 61. Kampuni za mbao za British Columbia zilinunua nne na kuzigeuza kuwa ndege za kuzimia moto, zenye uwezo wa kuchota takriban lita 27,000 kwa mkupuo mmoja. Makao yao yalikuwa Ziwa Sproat, karibu na Port Alberni katika Kisiwa cha Vancouver. Marianas Mars ilianguka mwaka 1961 na kuwaua wote wanne waliokuwamo. Caroline Mars iliharibiwa na tufani mwaka 1962 ikiwa imeegeshwa. Mbili zilizobaki ziliendelea kwa miongo kadhaa.

Aliyewahi kuiona Mars ikifungua milango yake hasahau, na ninaelewa kwa nini watu wanaililia. Hata hivyo ilihitaji ziwa kubwa, wahudumu wengi na vipuri ambavyo havitengenezwi tena, wakati ndege ndogo nne zinaweza kuchota kwenye maziwa madogo yaliyo karibu zaidi na moto na kufanya kazi sehemu mbili kwa wakati mmoja. Hawaii Mars iliruka kwa mara ya mwisho tarehe 11 Agosti 2024 kwenda makumbusho ya ndege yaliyo karibu na Victoria, ikisindikizwa na ndege za maonyesho za jeshi la Kanada, na watu walijipanga ufukweni kuiaga. Philippine Mars imepelekwa makumbusho ya Arizona.

Kazi hii ina hatari kiasi gani kwa marubani?

Kubwa. Wanaruka chini, kwenye mabonde, ndani ya moshi na hewa inayorushwarushwa na joto, na uzito wa ndege hubadilika ghafla kila baada ya dakika chache. Oktoba 2022 CL-415 ilianguka kwenye miteremko ya mlima Etna nchini Italia, na tarehe 25 Julai 2023 CL-215 ya jeshi la anga la Ugiriki ilianguka katika kisiwa cha Evia baada ya kumwaga maji. Marubani wawili walikufa katika kila ajali. Ndiyo maana ukiona ndege imemwaga mzigo wake ziwani badala ya kwenye moto, usilalamike kwamba maji yamepotea. Kuutupa mzigo ndiyo njia ya haraka ya kuiokoa ndege iliyopata hitilafu, na rubani hufanya hivyo kwa sekunde moja au mbili.

Zingeweza kutumika Kilimanjaro?

Ndugu zangu wa Moshi waliniuliza hili baada ya moto ulioanza mlimani tarehe 11 Oktoba 2020, ambao mamia ya wanakijiji, wanafunzi na askari wa hifadhi walipanda kupambana nao kwa matawi, mapanga na majembe. Tatizo ni maji na mwinuko. Ziwa Jipe halina kina kikubwa na limezungukwa na matete; Ziwa Chala liko ndani ya kasoko yenye kuta ndefu. Bwawa la Nyumba ya Mungu ni pana vya kutosha, lakini liko chini ya mita 700 juu ya usawa wa bahari, na vichaka vya mlimani huungua mita 3,000 na zaidi. Ndege iliyojaa ingelazimika kupanda zaidi ya kilomita mbili kwenda juu, katika hewa inayozidi kuwa nyepesi, kwa kila mkupuo. Hapa kwetu ziwa liko mita 342 na moto mara nyingi uko mlima wa jirani. Kwa maoni yangu, helikopta na vikosi vya miguu vilivyofunzwa na kulipwa vizuri vingeufaa mlima ule zaidi.

Ndege zimeondoka, lakini moshi bado unatoka. Je, wamekata tamaa?

Hapana. Huenda giza limekaribia, mafuta yamekwisha, au zimeitwa kwenye moto mwingine mchanga zaidi. Mara nyingi zimeondoka kwa sababu sehemu yao imekamilika, na sasa ni zamu ya vikosi vya watu 20 ambao huwezi kuwaona kutoka ufukweni. Hao hutembea wamejipanga mstari juu ya majivu, hatua kwa hatua, siku baada ya siku. Kila baada ya hatua chache mmoja huinama, huvua glavu, na kuusogeza mgongo wa mkono karibu na udongo na chini ya magogo kutafuta joto. Akilisikia, huchimba, humimina maji, hukoroga tope, na kuugusa udongo tena kabla ya kusonga mbele.